Mfasiri wa Sinema

Singano, leo nimekukamata.
Miaka arobaini na sita umeniongopea,
na mjukuu wako kaja na kompyuta yake kutoka Chumbageni
kakuumbua sebuleni, chai haijapoa.

Unaikumbuka picha ile? Wiki nzima ilionyeshwa
kwa Kasamali, nyuma ya soko la Ngamiani,
jumba la mabati, viti mia mbili, kunguni mia sita.
Mpiga tumba mwenye viatu vyeupe,
binti wa mwenye kiwanda cha mikate,
na shindano la chacha
ambalo hata watoto walijua nani atashinda.
Kihispania mwanzo mwisho.
Tanga nzima hakuna aliyekijua,
ukajitokeza wewe, fundi wa mashine za mkonge,
ukasema umejifunza kwenye santuri.
Kasamali akakupa kreti ya soda usimamie,
na shilingi tatu kila onyesho.

Jumatatu ulijitahidi.
"Anasema, habari za asubuhi."
Na mwezi ule, mkubwa kama sinia, uko juu ya mapaa yao!
Miluzi ikapigwa.
Jumanne ukachoka kubahatisha:
baba wa binti ukampa sauti ya karani wa kodi,
yule hasimu mwenye sharubu ukamfanya mtu wa Pangani
aliyekuja mjini kudai deni la nazi.
Jumatano watu walirudi na jamaa zao.
Mkono ukaniuma kwa kukata tiketi.

Alhamisi mpiga tumba akamshika binti kiuno,
muziki ukashuka, akafumbua mdomo,
na mdomoni mwake, kwa Kiswahili cha Barabara ya Kumi, yakatoka:

    Mwenye kukata tiketi, kwenye tundu la dirisha,
    Moyo wangu kama noti, chenji haitakutosha,
    Nimesimama, siketi, nangoja picha kuisha,
    Niandikie kwa chiti, la sivyo mie nakesha.

Ukumbi mzima ukageuka.
Pazia likabaki linacheza peke yake.
Nilikuwa mlangoni na mfuko wa mauzo, ukaniponyoka,
thumuni zikabingirika chini ya viti hadi safu ya mbele.
Waliziokota, wakanirudishia wakicheka.
Zilipungua nne. Kasamali alinikata mshahara,
na hilo deni, bwana wee, hujanilipa.

Chiti sikuandika.
Ijumaa binti akamzaba mpiga tumba kofi, kofi la haja,
nawe ukatangaza, "Anasema amekubali."
Mwanakombo akadakia toka safu ya tatu,
"Kakubali kwa kofi?"
"Ndivyo wanavyokubali kwao."
Nikacheka mpaka kamasi.
Labda hapo ndipo nilipokubali, sijui.

Jumamosi, shindano linaanza, mkanda ukakatika.
Giza. Watu wakaendeleza tumba kwa viganja juu ya viti,
ta-ta, ta, ta-ta,
ukashuka kwenye kreti ukanitafuta kwa kupapasa,
ukamshika kwanza Kasamali.
Kisha mimi.
Moja, mbili, cha-cha-cha,
na kila cha ya mwisho ulinikanyaga.

Sasa maandishi yanapita chini ya picha,
mjukuu anayasoma kwa sauti kama mtangazaji.
Kiuno kimeshikwa. Muziki umeshuka.
Mdomo wangu umeshaanza, *mwenye kukata*...

"Samahani, nimekukanyaga?"
"Ndiyo. Mara ya tatu."

Basi. Ndiyo yote waliyosemezana.
Mtoto anauliza, bibi unalia au unacheka?
Nawe unajifanya unatafuta miwani,
nayo iko kichwani.

Rudisha nyuma, mwanangu. Zima sauti.
Yafute hayo maandishi, yanakaa mbele ya miguu yao.
Singano, inuka. Kreti hatuna,
na stuli hupandi kwa goti hilo.
Simama hapo hapo kwenye mkeka.

Fasiri.